Jibu kwa Mkwezi wa Pangani: Vazi la Roboti Linampa Nini Aliyepooza?

Usiku mmoja mtoto wa kaka yangu alinitumia video kwenye simu. Haizidi dakika moja. Mwanamke amevaa vyuma vyeusi kuanzia kiunoni hadi nyayoni, ameshika magongo mawili, anatembea kwenye korido ya hospitali huku watu wakimpigia makofi. Chini ya video kijana aliandika: "Shikamoo ba'mdogo. Hii inauzwa wapi, na ni shilingi ngapi?"

Alikuwa mkwezi wa minazi huko Pangani. Miaka mitatu iliyopita alianguka, pingili mbili za mgongo zikavunjika, na tangu siku hiyo kuanzia kitovuni kwenda chini hasikii kitu, wala hawezi kutikisa hata kidole gumba cha mguu. Nilikaa na ujumbe wake siku mbili bila kujibu. Jibu la haraka lingekuwa ama la kumdanganya ama la kumvunja moyo, naye hakustahili hata moja. Haya hapa ni yale niliyoyakusanya kabla ya kumjibu, na jinsi ninavyoyapima.

Wataalamu huiita mashine hiyo eksoskeletoni, yaani mifupa ya nje. Mtu hubebwa na gamba lililo nje ya nyama yake, kama kaa. Ni fremu ya metali nyepesi na plastiki ngumu, inayofungwa kwa mikanda kiunoni, mapajani na chini ya magoti, ikaishia kwenye bamba linaloingia ndani ya kiatu. Penye nyonga na magoti kuna mota. Mgongoni kuna betri na kompyuta ndogo. Vihisio huiambia kompyuta kiwiliwili kimeinama upande gani: mtu akisogeza kifua mbele na kuhamishia uzito mguu wa kushoto, mota za kulia hukunja goti, huupeleka mguu mbele na kuutua chini. Kwa hiyo asiyeihisi miguu yake huiendesha kwa mabega na kiuno, na magongo ndiyo yanayomlinda asipinduke.

Si zote zinazofanya kazi hivyo. HAL, iliyobuniwa na Yoshiyuki Sankai wa Japani, hubandikwa vihisio juu ya ngozi ya paja ili vinase umeme hafifu ambao ubongo huutuma kwenye misuli. Mtu akikusudia kunyoosha goti na nguvu zikamwishia njiani, mashine hulinasa lile kusudio na kuimalizia kazi. Lakini lazima kuwe na kitu cha kunaswa. Ambaye mawasiliano ya ubongo na miguu yamekatika kabisa hana cha kuipa mashine ya namna hiyo. Tofauti hiyo, kati ya aliyekatika kabisa na aliyebakiwa na nyuzi chache za fahamu zinazopitisha ujumbe, ndiyo ufunguo wa suala zima, na video za mitandaoni haziitaji hata siku moja.

Wazo lenyewe si la juzi. Miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, katika Taasisi ya Mihajlo Pupin jijini Belgrade, Miomir Vukobratović na wenzake walitengeneza vyuma vilivyosukumwa kwa hewa ya mgandamizo na kuvijaribu kwa watu waliopooza. Kilichokosekana wakati ule ni betri ndogo na kompyuta ya kubeba mwilini. Hivyo vilipopatikana, kazi ikaharakishwa na watu wenye maumivu yao wenyewe. Amit Goffer, mhandisi wa Israeli, aliumia shingo mwaka 1997 akapooza mikono na miguu. Ndiye aliyebuni ReWalk, vazi la kwanza kuruhusiwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, Juni 2014, kutumiwa na mtu nyumbani kwake. Yeye mwenyewe hakuweza kulivaa, kwa sababu vazi linadai mikono yenye nguvu ya kushika magongo. Baadaye akabuni kiti cha magurudumu kinachomsimamisha mtu wima na kumtembeza akiwa amesimama. Simulizi hili nimelirudia kichwani mara nyingi: fundi mkubwa kuliko wote wa mashine hizi, zamu yake ilipofika, alijitengenezea kitu cha kumsimamisha.

Mwaka 2012, kabla hata ya ruhusa hiyo, Mwingereza Claire Lomas, aliyepooza baada ya kuanguka na farasi, aliingia mbio za marathoni za London akiwa amevaa vazi hilo. Alianza Aprili 22 akamaliza Mei 8. Miaka miwili baadaye, Juni 12, 2014, kwenye ufunguzi wa Kombe la Dunia jijini São Paulo, kijana wa Kibrazili aliyepooza, Juliano Pinto, aliugusa mpira kwa mguu uliobebwa na mashine ya kundi la mwanasayansi Miguel Nicolelis. Lomas alistahili kila kofi alilopigiwa. Lakini mtu anayetaka kununua anatakiwa kupiga hesabu ambayo anayeshangilia haihitaji: kilomita 42 kwa zaidi ya wiki mbili ni kama kilomita mbili na nusu kwa siku, akiwa na msaidizi nyuma yake kila hatua, kwenye lami laini.

Sasa tuingie chumba cha mazoezi, maana huko ndiko video zinakokatwa.

Kabla ya siku ya kwanza mtu hupimwa mifupa. Miguu isiyobeba uzito kwa miaka hupoteza madini, mfupa ukabaki kama muwa uliokauka, na mota ikiukunja vibaya huvunjika bila mwenyewe kusikia maumivu. Hupimwa nyonga, magoti na vifundo vya miguu kama vinanyooka, kwa sababu aliyekaa miaka mingi amekunja magoti, kano zake hufupika zikagoma. Hupimwa urefu na uzito, maana vazi lina vipimo vyake na mnene sana au mfupi sana haingii. Wengi hukomea hapo.

Anayepita hubebwa au hujihamisha kutoka kwenye kiti chake hadi kwenye vazi lililokaa tayari juu ya kiti kingine. Mtaalamu hupiga magoti chini, huingiza mguu mmoja kwenye kiatu, hupitisha kiganja ndani kuhakikisha soksi haina mkunjo, kwa sababu mkunjo wa soksi kwa mtu asiyehisi unatosha kuchimba kidonda. Mikanda inafungwa, inafunguliwa, inafungwa upya. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kutembea kwenyewe siku za mwanzo. Kisha mashine inalia, mota zinanguruma, mtu anainuliwa. Damu inakimbilia miguuni, macho yanaingia giza, na mara nyingi kazi ya siku ya kwanza huwa ndiyo hiyo tu: kusimama, kupimwa presha, kukaa, kusimama tena. Mtaalamu yuko nyuma ameshika mishikio ya kiunoni. Hatua huja baadaye. Mtu hujifunza kuhamisha uzito bila kuchungulia miguu, na hilo ni gumu, kwa sababu asiyehisi miguu yake ana macho tu ya kumwambia iko wapi.

Mwisho wa zoezi viatu vinavuliwa. Mtaalamu anatafuta wekundu kwenye kisigino, kwenye goti, penye mfupa wa nyonga. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo hutafuta weusi usio wa kawaida, joto au ugumu chini ya kidole. Anabonyeza kuona kama rangi inafifia, kisha anaachia. Isipofifia, hakuna mazoezi hadi ngozi ipone. Mashine ya mamilioni inasimamishwa na alama ndogo kama punje ya hindi, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Watu huchanganya maswali mawili. La kwanza: je, vazi hili laweza kuchukua nafasi ya kiti cha magurudumu? La pili: je, kutembea ndani yake ni tiba? Majibu yake hayafanani hata kidogo.

La kwanza lina jibu lililo wazi kiasi. Mapitio ya tafiti 15 yaliyochapishwa mwaka 2015, yenye washiriki 84, yalikuta wastani wa mwendo ndani ya mavazi haya ni mita 0.26 kwa sekunde. Mtu mzima asiye na tatizo hutembea zaidi ya mita moja kwa sekunde. Barabara ya upana wa mita kumi, ambayo wewe unaivuka kwa sekunde nane au tisa, mvaa roboti anaivuka kwa sekunde 38, na daladala haimsubiri. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2016, wa watu 111, ulikuta robo tatu waliweza kutembea bila kushikwa na mtu baada ya mafunzo, lakini kwa dakika sita walikwenda kama mita 98. Kiti cha magurudumu kwenye sakafu nzuri huenda mbali zaidi bila hata kukutoa jasho. Na ruhusa ile ya Marekani ya 2014 ilitaka kila anayetumia ReWalk nyumbani awe na msaidizi aliyefundishwa. Mtu anayetafuta uhuru anapewa mashine inayomtaka asiwe peke yake.

Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la hospitali za maveterani wa jeshi la Marekani. Watu 161 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakaendelea na viti vyao, wengine wakapewa vazi la kutumia nyumbani pamoja na viti vyao kwa miezi minne. Watafiti walipima hali ya akili, na pia jinsi washiriki wenyewe walivyoiona afya yao katika mambo kama kibofu, haja kubwa na maumivu. Hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Nilipoisoma niliumia, kwa kweli, kwa sababu nilitaka kumpelekea kijana wangu habari nyingine. Lakini ukikumbuka chumba cha mazoezi hushangai. Kuvaa, kufunga, kumngoja msaidizi, kuzunguka sebuleni, kuvua, kukagua ngozi. Mtu mwenye siku ya kuishi, mwenye kazi na watoto, atakaa kwenye kiti chake aende zake.

Swali la pili ni tajiri zaidi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Uti wa mgongo si waya tu wa kupitisha amri za ubongo. Sehemu yake ya chini ina mtandao wa fahamu unaojua mpigo wa kutembea wenyewe. Thomas Graham Brown alilionyesha hilo kwa paka mwaka 1911, na miaka ya 1980 watafiti wa Kanada waliwafundisha paka waliokatwa uti kutembea tena kwa miguu ya nyuma, kwa kuwaweka juu ya mkanda unaozunguka na kuwarudiarudia hatua siku baada ya siku. Uti ule ulijifunza kama mwanafunzi anavyojifunza: kwa kurudia, na kwa kuhisi uzito wa mwili juu ya nyayo. Kutoka hapo likazaliwa tumaini kwamba mtu aliyebakiwa na nyuzi chache, akiningʼinizwa kwa mikanda juu ya mkanda unaozunguka na miguu yake ikatembezwa, uti wake nao utakumbuka.

Tatizo lilikuwa migongo ya wahudumu. Kuendesha hatua za mtu mmoja aliyepooza kulihitaji watu watatu: mmoja kila mguu, ameinama, akiukunja na kuutua, na mmoja kiunoni. Baada ya nusu saa wahudumu ndio wanaohitaji tiba. Kampuni ya Hocoma ya Uswisi ikaleta Lokomat, miguu ya roboti iliyofungwa juu ya mkanda huo, inayotoa hatua elfu moja bila kuchoka. Mavazi ya kutembea sakafuni yakafuata, na mwaka 2016 Ekso iliruhusiwa Marekani kutumika hospitalini kwa walioumia uti na kwa waliopata kiharusi.

Je, roboti iliwashinda binadamu? Mwaka 2006 ilichapishwa kazi ya Bruce Dobkin na wenzake wa Marekani na Kanada, ambayo kwa maoni yangu kila waziri wa afya angepaswa kusomewa kabla hajasaini ununuzi. Walichukua watu 146 walioumia uti bila kukatika kabisa, wakiwa bado ndani ya wiki nane za ajali. Nusu wakafundishwa juu ya mkanda unaozunguka wakiwa wameningʼinizwa. Nusu nyingine wakafundishwa kutembea kawaida, kwenye sakafu, kwa vyuma na magongo, kwa saa zilezile na bidii ileile, wiki 12. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa kuliko watafiti walivyotarajia. Na yalilingana.

Hawa hawakuwa kwenye roboti, ni kweli, lakini funzo linaihusu roboti moja kwa moja. Kilichowanyanyua watu wale ni wingi wa hatua, kuanza mapema, na mtu mwenye ujuzi kusimama karibu kila siku. Ninavyoona mimi, roboti ni njia mojawapo ya kuupata wingi huo, na ubora wake mkubwa huonekana pale ambapo mshahara wa mtaalamu mmoja ni mkubwa kiasi kwamba kuwaweka watatu kwa mgonjwa mmoja hakuwezekani. Uswisi wanalo tatizo hilo. Kwetu tatizo ni la namna nyingine. Watu wenye mikono tunao. Wanaokosekana ni wale waliofundishwa, wakaajiriwa, wakapewa saa za kukaa na mgonjwa mmoja zaidi ya robo saa mara mbili kwa wiki.

Kwa aliyekatika kabisa, kama kijana wangu, hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba kutembezwa na vazi peke yake kunarudisha miguu. Kundi la Nicolelis liliripoti mwaka 2016 kwamba wagonjwa wanane, baada ya mwaka mzima wa mazoezi yaliyounganisha ubongo, kompyuta na roboti, walipata tena hisia kidogo na misuli michache chini ya jeraha. Ni habari ya kutia moyo, lakini ni watu wanane, bila kundi la kulinganisha nalo, na mafunzo yale hayapo dukani. Wanachokisema wengi waliovaa ni vitu vidogo ambavyo asiyepooza havithamini: haja kubwa kuja kwa mpangilio, miguu kupunguza kukakamaa na kuruka usiku, kulala vizuri. Katika ule uchambuzi wa 2016, kama watu sita katika kumi walioulizwa kuhusu haja kubwa walisema ilikuwa afadhali. Ni maneno ya wagonjwa wenyewe, na siyapuuzi. Aliyewahi kuishi nyumba moja na mtu anayehitaji saa mbili za msalani kila asubuhi anajua kwamba kuokoa saa moja ni kurudishiwa maisha.

Ila angalia mambo hayo yanatoka wapi. Mengi yanatajwa pia na watu wanaosimamishwa tu, bila mota wala kompyuta, kwenye fremu ya mbao au chuma yenye kizuizi cha magoti, mkanda wa makalio na meza ya kuegemeza mikono.

Kuhusu bei. Januari 2024 bima ya serikali ya wazee na walemavu ya Marekani, Medicare, ilianza kuyahesabu mavazi haya kama vyuma vya kusaidia viungo, na kuanzia Aprili mwaka huo malipo yake kwa vazi la kutembelea nyumbani yakawekwa dola 91,032. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mia mbili za Tanzania kwa mtu mmoja. Na ukishanunua bado hujamaliza. Mwaka huohuo mpanda farasi wa zamani wa mashindano huko Marekani, aliyetembea na vazi lake kwa miaka kumi, alikwama kwa sababu ya waya mdogo wa betri kwenye saa ya mkononi ya kuliendesha. Waliolitengeneza walimjibu kwamba kifaa kimepita miaka mitano, hawakihudumii tena. Kelele za vyombo vya habari ndizo zilizofanya kitengenezwe. Fikiria waya uleule umekatika Pangani.

Ndiyo maana siungi mkono mtindo wa kuleta mashine moja ya msaada, ikakatiwa utepe, ikapigwa picha na mgeni rasmi. Hospitali ya rufaa inayotaka vazi la roboti, na siku moja itafaa moja ya Afrika Mashariki iwe nalo, ianze na wataalamu wa viungo watatu wenye mkataba wa kudumu, fundi aliyefundishwa kulifungua na kulifunga, na makubaliano ya vipuri yaliyoandikwa kabla ya meli kuondoka bandarini. Lipewe kwanza watu waliobakiwa na nyuzi, katika miezi ya mwanzo baada ya ajali, maana hao ndio wenye cha kuvuna. Utamaduni wa ufundi wa namna hiyo upo: chuo cha TATCOT kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa miguu bandia na vyuma vya viungo kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

KCMC hiyohiyo ndiyo iliyotupa picha ya nani anaumia. Watafiti wake walipitia majalada ya wagonjwa wa uti wa mgongo wa mwaka 2010 hadi 2014. Karibu nusu walianguka. Karibu nusu nyingine walipata ajali za barabarani. Walio wengi ni wanaume. Ukiyasoma majalada hayo kwa jicho la mtu wa pwani, unaona wakwezi, wachuma maembe, waezekaji wa mapaa, abiria wa bodaboda.

Na wengi wanaokufa hawafi kwa kukosa kutembea. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Ulaya yenyewe iliwahesabu waliovunjika uti kama maiti waliochelewa. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua wodi yao Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wageuzwe kitandani kila saa mbili, usiku na mchana, na mkojo ushughulikiwe kwa usafi. Alipita mwenyewe usiku kuhakikisha. Wakaanza kuishi, kisha wakaanza kurusha mishale na kucheza mpira wakiwa kwenye viti, na humo ndimo ilimozaliwa michezo ya Paralimpiki. Dawa ilikuwa mikono miwili na saa ya ukutani.

Mtoto wa kaka yangu alilazwa wiki sita katika hospitali ambayo sitaitaja. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima usiku, na hakuna aliyemwambia mama yake kwamba mwanawe anatakiwa kugeuzwa. Alitoka na kidonda cha kulalia juu ya makalio ambacho kiganja changu hakikukifunika. Kilichukua miezi 11 kufunga. Katika miezi hiyo hakuweza kukaa kwenye kiti, hivyo hakuweza kutoka nje, hivyo magoti yakaanza kukunjamana. Hata kama vazi la dola elfu 90 lingeletwa mlangoni siku hiyo, asingeweza kulivaa. Kila anayeuliza kuhusu roboti nchini mwetu anapaswa kujua kwamba mlango wa roboti unafungwa mapema hivyo, wodini, usiku, kwa kukosa mtu wa kumgeuza mgonjwa na mpira safi wa mkojo.

Mwaka 2012, Mkenya Zack Kimotho aliondoka Nairobi kwa kiti chake cha magurudumu akiielekea Afrika Kusini, ambako ndiko kulikokuwa na kituo cha kuwarudisha watu kama yeye kwenye maisha. Kampeni hiyo, iliyoitwa Bring Zack Back Home, ilikuwa na ombi moja kwa Wakenya: wachange shilingi milioni 250 za Kenya kijengwe kituo nyumbani, ili arudi. Watu walichanga kwa simu, mia kwa mia. Hakuomba mashine ya kumtembeza. Aliomba jengo lenye wataalamu, ambamo mtu hufundishwa kuishi upya: kujihamisha kutoka kitandani, kujitoa mkojo kwa mpira, kuendesha kiti kwenye tope, kurudi kazini.

Sisemi tusitazame mbele. Ufaransa, kampuni ya Wandercraft imetengeneza vazi linalojisawazisha lenyewe, lisilohitaji magongo, na Julai 2024 Kevin Piette, mwanamichezo aliyepooza, alibeba mwenge wa Olimpiki akiwa ndani yake. Mikono ikiachwa huru mambo hubadilika: hata asiye na nguvu za kushika magongo, kama Goffer, anaweza kuingia. Huko Lausanne, Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch wanapandikiza vifaa vya umeme juu ya uti chini ya jeraha, na mwaka 2023 waliripoti habari za Gert-Jan Oskam, Mholanzi ambaye mawazo yake ya kutembea yanasomwa kwenye ubongo na kupelekwa moja kwa moja kwenye uti. Naamini tiba ya kweli itatoka upande huo, umeme ukiamsha na mazoezi yakifundisha. Na watakaonufaika siku hiyo ikifika ni wale ambao ngozi yao ni nzima, magoti yao yananyooka, na mifupa yao haijageuka vumbi.

Haya ndiyo niliyomwandikia, kwa maneno machache zaidi. Nilimwambia bei. Nilimwambia kuhusu sekunde 38. Nilimwambia kwamba kwa jeraha lake vazi lile halitamrudishia miguu, na kwamba nisingependa auze shamba la minazi la baba yake kwa ajili yake. Kisha nikamuuliza kama bado magoti yananyooka.

Alijibu baada ya siku nne. Yananyooka, ila la kushoto linagoma kidogo. Tulimpeleka kwa daktari wa mifupa, na mtaalamu wa viungo akaanza kumwinua taratibu kwenye kitanda chenye mikanda, wiki kwa wiki, hadi presha ikatulia. Fundi seremala wa jirani akapewa mchoro na vipimo. Alitumia mninga, akaweka godoro jembamba penye magoti, na mkanda mpana wa kushika makalio. Siku ya kwanza nyumbani nilikuwepo. Mama yake alishika upande mmoja, mimi mwingine, mtaalamu akakaza mkanda. Akapanda juu polepole mpaka kichwa chake kikapita changu; nilikuwa nimesahau kwamba ni mrefu kuliko mimi.

Alinyamaza. Akageuza shingo akatazama juu ya kabati, mahali ambapo kwa miaka mitatu macho yake hayakufika. Kamba yake ya kukwelea ilikuwa pale, imeviringwa vizuri, imefunikwa kanga.

"Mama," akasema, "kumbe hukuitupa."